Nyimbo Thelathini na Moja za Mjomba

Mpendwa mjomba,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, ila hukunilea nianze maneno na mkubwa kwa kukohoa.

Nakuandikia kwa sababu Jumapili wanataka kunipa jina lako. Wapo watakaoichungulia barua hii ambao si wa huku, kwa hiyo niwaeleze kidogo. Kwetu mjomba akifariki, jina lake haliendi naye kaburini. Linakaa mwaka mzima bila mwenyewe, kama nyumba iliyofungwa, kisha wazee wanakaa na kumvika mpwa. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye marehemu, kwa namna ya kusema. Wajukuu wa marehemu wanamwita babu. Mjane anamtania. Mkeo, Mama Hadija, hajangoja hata siku yenyewe. Juzi nilipopanda Kitangari alinipokea mlangoni na mikono kiunoni: "Karibu mume wangu. Kuni zimekwisha."

Mimi bado sijasema ndiyo. Dada yako, yaani mama yangu, analijua hilo na limemnyima raha. Ananipigia kila asubuhi kabla sijapata chai.

"Umeshafikiri?"

"Bado, mama."

"Unafikiri nini? Jina ni shati hilo, kwamba unapima kama linakubana?"

Linanibana, mjomba. Na linaponibana ni kwenye masikio. Nikimwambia mama kwamba kinachonizuia ni muziki atasema nimeanza kunywa, kwa hiyo nimeona nikuambie wewe.

Nilikuja kwako nikiwa bado naogopa kuku. Nyumbani kwako kulikuwa na redio kaseti ya spika mbili, iliyoingia msimu mmoja ambao korosho zilikubali, na kulikuwa na kaseti kumi na moja, zote za dansi. Betri zilipochoka zilianikwa kwenye jamvi pamoja na makopa ya muhogo, na kazi yangu ilikuwa kuwafukuza wale wale kuku niliokuwa nawaogopa. Kaseti zilirudishwa nyuma kwa kalamu, taratibu, ili betri zisiliwe bure. Kidole changu cha shahada kina kijinundu mpaka leo. Watu wanadhani ni cha kuandika, nami siwasahihishi.

Ijumaa, ukitoka msikitini, ulikuwa unaweka kigoda uani, unanikalisha chini mbele ya redio na kutoa amri.

"Leo besi tu."

"Na mwimbaji, mjomba?"

"Mwimbaji mwache aimbe. Wimbo ukiisha nitakuuliza kasema nini. Ukijua, umeshindwa."

Ijumaa iliyofuata ilikuwa zamu ya gitaa la ridhim. Halafu solo. Halafu tumba peke yake, na hapo nilikuwa naona kichwa kitapasuka kwa kumfukuzia mtu mmoja katikati ya watu kumi wanaopiga kelele pamoja. Sijui ni baada ya Ijumaa ngapi uliponiruhusu kusikiliza wimbo mzima. Nakumbuka tu kwamba niliona aibu, kama mtoto aliyeingia chumba cha wageni na miguu michafu. Kila kitu kilikuwa mahali pake na mimi nilikuwa nakijua kimoja kimoja kwa jina.

Nimekutana na waliosoma vyuo wasiojua kusikiliza hivyo. Hilo ulinipa, na silisahau.

Lakini ulinipa na lingine. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimetoka Masasi na kaseti ya kuazima ya muziki wa vijana, ule wa kughani, maneno yanakuja kwa kasi kama mahindi yanamwagwa kwenye debe. Niliiweka mwenyewe, mbele ya watu uani. Ulisikiliza upande mzima bila kusema neno, mpaka nikaanza kupata matumaini. Upande ulipoisha ukauliza:

"Huyu anagombana na nani?"

"Hagombani, mjomba. Anaimba."

"Basi mwambieni aliyemkosea waende wakayamalize, sisi tupumzike."

Uwanja mzima ulicheka. Kisha ukaongeza ile kauli yako ambayo baadaye Kitangari nzima iliigeuza methali: sikio ni kama korosho, likishabanguliwa halirudi kwenye ganda. Ukiwa umeshajua muziki mzuri ni upi, umejua, na hakuna haja ya kwenda kutafuta mwingine.

Nami nilicheka, mjomba. Nilicheka kuwashinda wote, ili nionekane niko upande wako. Kesho yake niliirudisha ile kaseti na upande wa pili sikuusikia hata mara moja. Kuanzia hapo sikio langu halikusafiri tena. Mtu akiniuliza napenda muziki gani, nilijibu "dansi" kwa sauti ile ile unayotajia dini.

Kichekesho ni kazi niliyokuja kuifanya. Kibanda changu cha kurusha nyimbo, hapa Masasi karibu na stendi, umekikalia mara nyingi. Ulikuwa unaagiza chai na kutazama watu. Mtu analeta memori kadi au flashi, anataja anachotaka, namrushia. Nimewarushia watu kila aina ya muziki kwa miaka mingi na mwenyewe nakula kaseti zako kumi na moja, ambazo nilizihamishia kwenye kompyuta. Binti yangu Somoe aliwahi kusema, "Baba ni kama mpishi wa hotelini anayekwenda kazini na kiporo chake." Nikamwambia kiporo kina heshima yake. Akasema heshima anaijua, ameuliza ladha.

Kwa kuwa sikuwa nakula, nilipata muda wa kuangalia wanaokula. Nikawa nawauliza. Ulianza kupenda hii lini? Nani alikuonyesha? Watu hawakasiriki wakiulizwa hivyo, wanavuta kiti. Mwalimu mmoja aliyepangiwa kazi huku kutoka kanda ya ziwa, mwaka wa kwanza alikuwa anataka nyimbo za kwao tu, anasikiliza na uso wa mtu aliyepigwa na malaria. Mwaka wa tatu alikuwa anaagiza singeli na ngoma za sindimba. Siku aliyopata uhamisho alikuja kujaza kadi nzima za huku, na uso ukawa ule ule wa malaria. Nikajiuliza, sasa huyu sikio lake limekua, au limehama tu na mwili?

Na yupo bodaboda wa Chiungutwa, kijana wa watu mwenye watoto wawili, mteja wa singeli zile zinazokimbia kama zimefukuzwa na nyuki. Nilimuuliza nyumbani anasikilizaje vitu hivyo na watoto.

"Nyumbani? Mzee, nyumbani siziwezi, kichwa kinauma. Hizi ni za barabarani. Nikiweka zile za kwako nitalala, niue abiria."

Basi nilikuwa nayakusanya majibu hayo kama mtu anayekusanya stempu, kwa ajili ya kuyatazama. Halikunigusa hata moja. Nilikuwa na msimamo, na msimamo ulikuwa wako.

Mwezi uliopita Mama Hadija alinikabidhi simu yako, ile ya kitochi. Sehemu ya kuchajia imelegea, alitaka niitengeneze aitumie. Nilipoifungua nikakuta memori kadi. Mtu mwenye adabu angeirudisha ilipokuwa. Mimi ni fundi.

Unajua nilichokikuta. Nyimbo thelathini na moja, na dansi haimo hata moja. Nilizipanga upya nikidhani kompyuta imekosea. Singeli ndizo nyingi. Kuna bongo fleva za watoto waliozaliwa Somoe akiwa tayari ana meno. Kuna taarabu moja, ya matusi kidogo. Kuna kwaya ya kanisani, na kwa matamshi yao nadhani ni akina mama wa upande wa Lukuledi, wanaimba kwa nguvu kama watu wanaosukuma gari. Kwenye simu yako wewe, mzee wa safu ya mbele msikitini!

Nilicheka peke yangu mpaka jirani yangu wa chipsi akaja kuuliza kama niko salama. Maana sote tulikuwa tunakuona miaka ile ya mwisho, uko shambani unapulizia mikorosho salfa, kitambaa puani na nyaya za simu masikioni, na sote tulijua unasikiliza mawaidha. Hatukudhani, tulijua. Imamu mwenyewe aliwahi kukutolea mfano: "Mzee Chilumba hata kazini haachi mawaidha." Na wewe uliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mjomba, ule unyenyekevu ulikuwa na mdundo!

Lakini mimi jicho langu ni la kazi, likaona kitu kingine. Nyimbo zilikuwa na namba, kama tunavyozipa vibandani, na namba zilikuwa zimeruka. Ya nne, ya tisa, ya kumi na saba, halafu pengo mpaka arobaini. Ya mwisho ilikuwa mia mbili na kumi na mbili. Kwa maana hiyo ulirushiwa zaidi ya mia mbili, ukasikiliza moja baada ya nyingine, na zisizokupendeza ukazifuta. Ulizichambua kama korosho, hizi daraja la kwanza, hizi nje. Mtu hafanyi hivyo kwa bahati mbaya, wala kwa kupitisha muda. Ulikaa na hizo nyimbo kama ulivyonikalisha mimi na besi.

Na namba hizo hazikuwa mwandiko wangu. Kuna kibanda kimoja tu Newala kinachoziandika hivyo. Nikapanda gari nikaenda.

Mwenye kibanda ni dada mmoja mchangamfu, anajua kazi, nakubali ingawa inaniuma. Nilimsalimia, nikamwonyesha picha yako.

"Babu Kofia!" akasema. "Yuko wapi siku hizi? Ana miezi mingi hajaja."

Nikamwambia. Akashika shavu. "Maskini. Alikuwa mteja wa kila mwezi. Alikuwa hatafuti kwa jina. Anakaa hapo ulipokaa wewe, anasema, mjukuu wangu, nipe zile ambazo watu wanazilalamikia."

"Zile wanazozilalamikia?"

"Ndiyo. Anasema kitu hakilalamikiwi na wazee wengi hivyo kama hakina kitu ndani." Akacheka, kisha akanitazama vizuri. "Wewe ndiye mpwa wake wa Masasi, eti?"

"Alikwambia nini?"

"Aliniambia nisikwambie."

Nilirudi Masasi nimekasirika. Sitakuficha, maana tangu nifungue barua hii nimekuwa mkweli na haitakuwa vizuri niharibu mwishoni. Nilikasirika sana. Nilijiona kama mlinzi aliyekesha miaka thelathini na zaidi akilinda lango, kumbe mwenye nyumba anaruka ukuta. Unajua ni nyimbo ngapi zimepita kibandani kwangu mguu wangu ukitaka kutikisika, nikauzuia kwa ajili yako? Harusi ngapi nimekaa kitini na uso wa hakimu? Wewe uko Kitangari na akina mama wa kwaya masikioni, unamwambia mgeni asinieleze.

Nilikwenda kwa Mama Hadija nikiwa bado na moto. Alikuwa anachambua mchicha.

"Ulikuwa unajua?"

"Nikae na mtu miaka yote hiyo nisijue kilichomo masikioni mwake? Nilikuwa namwona mabega."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alikuwa anakuogopa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Anakuogopa wewe, Baba Somoe. Alikuwa akitoka kibandani kwako anasema, yule bwana ana msimamo mkali. Nikimwomba singeli ataniona nimechanganyikiwa na uzee. Siku moja alikwenda Masasi makusudi, amejiandaa kabisa akwambie. Akakukuta unamsema kijana mmoja mbele ya watu kwa kuomba nyimbo hizo hizo. Akanywa chai akarudi."

Siku hiyo naikumbuka, mjomba. Ulikunywa vikombe viwili, ukauliza bei ya sabufa, ukasema gari litakuacha. Mimi nilikuwa nafurahia kwamba umenisikia nikitetea muziki wetu. Nilimwambia yule kijana kwamba mwimbaji wake anagombana na mtu. Nilitumia maneno yako yale yale, nikakutazama nione kama umefurahi. Ulikuwa unakoroga chai.

Hasira iliisha hapo. Ikabaki udadisi, ambao kwangu ndio unaokaa muda mrefu.

Alasiri moja wateja walipopungua nilishusha pazia la kibanda, nikaweka wimbo wako wa namba arobaini, singeli ya mbio kweli kweli, nikajipa amri: leo mdundo wa chini tu. Mwimbaji mwache. Na kwa singeli kutojua mwimbaji kasema nini si mtihani mgumu. Mara ya kwanza sikupata kitu. Mara ya tatu nikausikia. Chini ya zile mbio zote kuna kitu kinatembea polepole, hakina haraka na mtu, kama akina mama wanaopanda mlima wa kwetu na ndoo za maji, huku watoto wanawazunguka kwa kukimbia. Nikarudia. Mguu ukatikisika, nami sikuuzuia.

Nimezisikiliza zote thelathini na moja. Nimependa nne. Nyingine kwangu ni kelele mpaka leo, na ile taarabu nadhani ulikuwa unaipenda kwa matusi. Kwaya ni mojawapo ya hizo nne, usimwambie mtu. Dansi bado naipenda kama zamani, haikupungua hata punje. Hilo ndilo lililonishangaza. Nilikuwa naogopa kwamba sikio likipokea mgeni, mwenyeji atahama.

Kwa hiyo je, ladha ya mtu ni lazima ikue? Nimewauliza wengi na sasa najiuliza mwenyewe, na sina jibu la kubandika kibandani. Namwona mwalimu wa kanda ya ziwa na bodaboda wa Chiungutwa, nakuona wewe na salfa yako. Sidhani kama ni lazima. Wapo watu wamekaa na wimbo mmoja tangu ujana na hawajapungukiwa na kitu. Ila sasa najua kuna tofauti kati ya anayekaa kwa sababu anapapenda na anayekaa kwa sababu alicheka mbele ya watu akiwa na miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa huyo wa pili, na nilijiita wa kwanza.

Leo asubuhi mama amepiga tena.

"Umeshafikiri?"

"Nimefikiri. Nalichukua. Ila nina sharti."

"Toka lini jina likawa na masharti?"

"Nikishaitwa Chilumba, watu wasiniletee dansi kama sadaka. Wasiseme mzee huyu anapenda hiki, hapendi kile. Waniulize kwanza."

Nilidhani salio limekwisha.

"Mama?"

"Nakusikia. Nawaza tu. Kaka yangu, ni nani aliyewahi kumuuliza?"

Nimewauliza watu wasiohesabika, wengine hata majina yao siyajui. Wewe ulikaa kwenye kile kiti siku nyingi, na mimi nilikuwa nakuagizia chai. Nilidhani nakujua. Na wewe nadhani ulidhani unanijua. Tukawa watu wawili tunaolindana kwenye kibanda kimoja, kila mmoja anamwogopa mwenzake kwa jambo ambalo wote wawili tulikuwa tumeshaliacha, au tulikuwa tunataka kuliacha.

Nakuuliza sasa, basi, kwa kuchelewa. Ulianza kuupenda lini? Ni wimbo gani ulikukamata kwanza, ule wa namba nne au uliupata kwenye harusi ya mtu? Ule wa themanini na nane una filimbi inaingia mara moja tu, katikati, hairudi tena. Nawe uliisubiri kila mara, au ni mimi tu? Na ile kaseti yangu ya kughani, uliposikiliza upande mzima kimya, ulikuwa unautafuta mzaha, au ulikuwa unasikiliza?

Usijibu. Nataka tu ujue kwamba nimeuliza, na kwamba nimeuliza kabla ya Jumapili, kwa sababu baada ya hapo nikikuandikia nitakuwa najiandikia mwenyewe, na wewe unajua mimi kwa kujijibu si mkweli sana.

Pumzika salama, mjomba. Mama Hadija anakusalimu, anasema kuni ameshapata.

Ni mimi mpwa wako, ambaye Jumapili wataanza kuniita wewe.